Kadi ya Mchezaji Niliyoipiga Plastiki

Jamani, leo nimejianika. Tena mchana kweupe, na mtu wa kumlaumu nimemtafuta hadi nimechoka.

Kwa wale msionijua, mimi ni dereva wa familia moja ya Riyadh, kitanda changu kiko Al-Murabba. Jana nimeleta gari la bosi Jeddah kwa barabara, wenyewe wamekuja na ndege (gari haliruki, na dereva naye haruki). Nimefikia Al-Mahjar kwa Barasa, jamaa wa kwetu Kitale anayelinda bohari huku.

Sasa habari ya kadi. Juzi juzi nilimpeleka hotelini mgeni wa bosi, mchezaji mpira mwenye jina kubwa. Jina silitaji, watu kama hao wana mawakili. Foleni yote ile ya Riyadh nimemwashia AC, nimemnyamazia, nimembebea mabegi. Nikasimama pale mlangoni na ule uso wa kungoja kitu kidogo. Mtu amevaa saa ya bei ya ploti! Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kadi ndogo, zile za kukusanywa na mashabiki, ina picha yake mwenyewe. Akatia saini. Akanipa, meno yote nje.

Picha yake! Mimi pia nina picha zangu na sizigawi ovyo. Nikaichomeka kwenye waleti nyuma ya ikama, kile kibali cha kuishi huku, nikaisahau.

Hadi nilipomtajia Nekesa. Nekesa ni binamu yangu, anafanya kazi za nyumbani hapa Jeddah, Aziziya, na baba mwenye nyumba anakusanya kadi za wachezaji. Mwanaume mzima, ndevu zimejaa mvi! Kadi zake zina kabati la vioo, na zinalala kwenye AC kuliko sisi.

"Hiyo yako ni tiketi ya ndege," Nekesa akaniambia kwa simu. "Iko na saini ya mkono wake. Ukija Jeddah ilete, baba atainunua."

Na tiketi ndiyo ilikuwa shida yangu. Mwisho wa mwezi natakiwa Kitale kwa wazazi wa Jeni, kupeleka mahari. Likizo bosi amenipa, pesa za ng'ombe ziko tayari, tiketi hakuna. Na mzee wake Jeni amesema waziwazi kwamba siku hiyo ikipita bila mimi kuonekana, yeye hajui tena. Kuna jamaa wa duka la simenti ambaye kila Jumapili anapita pale kwao kusalimia. Kusalimia nani? Hata simjui na tayari nimemchoka.

Basi leo asubuhi nikaitoa kadi niikague. Wacha! Kona moja imepinda, kiasi cha punje ya mchele. Halafu ile saini, mkia wa jina umefifia, unauona kwa kubahatisha. Tajiri mzima, kalamu haina wino.

"Peleka hivyo hivyo," Barasa akasema kutoka kitandani, ametoka shifti. "Usiiguse."

"Barasa, wewe uliwahi kuosha simu kwa sabuni. Leo unanifundisha kutunza vitu?"

Akageukia ukuta.

Nikachukua kalamu nyeusi. Nikaufuatiliza ule mkia polepole, ulimi nje, mkono hautetemeki. Ukatokea vizuri! Nikaona kuna nafasi imebaki, nikaongeza na kamstari chini (saini bila mstari chini huonekana kama mwenyewe hajaamua). Nikairudisha nyuma nikaitazama. Kusema kweli, mkia wangu ulikuwa mzuri kuliko wake.

Kutoka hapo moja kwa moja hadi duka la fotokopi, kupiga laminesheni. Watu wa nyumbani mnanielewa. Kwetu karatasi ya maana ikikaa uchi ni kukosa heshima. Cheti cha kuzaliwa, cha ubatizo, cha darasa la nane, vyote viko ndani ya plastiki. Mama aliwahi kupiga plastiki risiti ya redio. Sasa kadi ya kunifikisha kwa wakwe niitembeze uchi?

Jamaa wa fotokopi akaigeuza geuza, akaniangalia. "Sadiki, hii mashine moto. Mafi mushkila?" (Huku kila mtu ni sadiki, yaani rafiki, na mafi mushkila ni hakuna shida.)

"Mafi mushkila. Yalla, piga!" Huyu naye. Kazi yake ni kubonyeza, ameanza kufikiri.

Mashine ikaimeza, ikaitoa ikiwa ngumu, inang'aa, kona imenyooka. Nikamwambia aikate karibu karibu iingie kwenye waleti. Akakata. Mkasi ukapita kidogo kwenye kadi yenyewe, lakini upande huo ulikuwa mweupe tu, hapakuwa na mtu.

Alasiri nikabonyeza kengele Aziziya. Nekesa akafungua, ananong'ona. "Nimemwambia baba wewe ni mtu wa akili. Tafadhali."

"Tulia. Nimeshaitengeneza."

"Umeitengeneza vipi?"

Lakini mimi nilikuwa nishavua viatu, niko ndani.

Baba alinipokea vizuri, hilo siwezi kumnyima. Kahawa, tende, mto wa kuegemea. Halafu akavaa glovu nyeupe. Glovu! Za kushika karatasi! Nikauma shavu nisicheke. Alikuwa anaongea Kiarabu cha polepole, nawapa kwa Kiswahili. Akatoa kadi yake moja anionyeshe vile huwa anazipima. Kwanza kona, halafu kingo, halafu uso wa kadi, mwisho wino. Moyoni nikasema, hii ni kadi ama ni mtu anafanyiwa medikali ya viza? Imebaki kupimwa mkojo tu.

"Unaona kona hii?" akasema. Ilikuwa imepinda kidogo (kama yangu kabla ya matibabu). "Inashusha bei, lakini navumilia. Saini ni yake na haijaguswa. Hicho ndicho tunachonunua."

"Yangu kona zote zimenyooka," nikajibu. Kwa majivuno, Mungu anisamehe.

Nikaitoa. Nikaiweka mezani. Ko!

Baba hakuishika. Aliinama akaiangalia vile watu huangalia ajali barabarani.

"Hiki ni nini?"

"Plastiki, baba. Hata maji hayaingii."

"Inatoka?"

"Haitoki!" nikasema kwa furaha. "Hata uvute na koleo!"

Akafumba macho. Akauliza ni nani amekata ukingo. Nikamwambia tumepunguza kidogo tu, pembeni. Akavuta pumzi ndefu. Akanieleza taratibu kwamba kadi ikiingia kwenye plastiki ya moto ndiyo basi, kwa wanaokusanya hiyo imekufa. Lakini kwa heshima ya ile saini, na kwa sababu Nekesa alikuwa amemweleza habari za Jeni, angenipa tu pesa ya tiketi.

Roho ikarudi! Nikaiona Kitale. Nikamwona yule wa simenti anapanda bodaboda anaenda zake. Nikala tende nyingine.

Baba akachukua kioo kidogo cha kukuzia. Akaiinamia saini. Akakaa hapo. Akasogeza taa. Akakaa tena.

"Hii saini," akasema, "nani ameandika?"

Jamani. Si ningesema mchezaji, ninyamaze? Lakini nimelelewa kanisani, na mdomo wangu haujawahi kunipenda.

"Yeye," nikasema. "Na mimi kidogo."

Nekesa alikuwa mlangoni na birika la kahawa, nikasikia birika limegonga fremu.

"Na wewe kidogo?"

"Mkia tu, baba. Ulikuwa umefifia. Na huo mstari wa chini."

Mzee akaweka kioo chini. Akavua glovu moja. Akavua ya pili. Halafu akacheka hadi miwani ikaanguka kwenye tende. Akampigia kaka yake simu ya video! Akaniomba nirudie. Nikarudia (ningefanyaje, nilikuwa nimekula kwa mtu). "Na mimi kidogo!" wakawa wanarushiana wao kwa wao, mmoja huku, mwingine kwenye simu. Alipopata pumzi akaniambia kona iliyopinda angeisamehe, saini iliyofifia angeisamehe, lakini sasa hakuna mtu duniani anayeweza kuapa hii ni saini ya nani. Akanirudishia kadi. Halas, imeisha.

Nekesa akanisindikiza hadi getini. Pale nje akasema, "Ukiulizwa, sisi si ndugu," akafunga.

Nikakaa ndani ya gari la bosi, nikampigia Jeni, nikamwambia yote. Ya kalamu, ya plastiki, ya kaka mtu kwenye simu. Nilikuwa naogopa, siwafichi. Nikamwambia tiketi itatoka kwenye pesa za ng'ombe, kwa hivyo ng'ombe mmoja atakuja Kitale akiwa kiti cha ndege. Nikasikia kuku wa kwao.

"Wacha nielewe," akasema. "Ulimsaidia mtu maarufu kuandika jina lake?"

"Mkia tu."

Alicheka mpaka simu ikamwanguka. Aliporudi akasema, "Wewe njoo. Baba nitamweleza mimi huyo ng'ombe amepotelea wapi. Lakini siku ya kuandikiana makubaliano ya mahari, mjomba wako ndiye atatia saini. Wewe ukigusa kalamu, harusi hakuna."

Nimekubali. Kwa hivyo naombeni msicheke. Barasa ameanza tangu nilipoingia, na kwa chumba hiki anatosha.