Kura ya Pili Kuhusu Saa ya Ukutani

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Wafanyakazi,
Karakana ya Kushona Sare za Shule,
Meza ya Kukatia Vitambaa.

Ndugu Mwenyekiti, ambaye pia ni shemeji yangu,

YAH: OMBI LA KURUDIWA KWA KURA YA MAONI KUHUSU SAA

Nakusalimu kwa heshima zote za cheo chako. Zile za kifamilia nimeziweka kando mpaka mwisho wa barua. Najua meza yako ya kukatia na meza yangu ya pasi zimetenganishwa na hatua sita tu, lakini nikikueleza jambo hili kazini unasema tutaongea nyumbani, na nikija nyumbani unasema mambo ya kazi yabaki kazini. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Kwa ajili ya kumbukumbu, nianze mwanzo. Saa yetu ya ukutani ilikuwa mbele kwa dakika ishirini tangu sijaajiriwa, na hakuna anayejua nani aliisogeza. Tuliishi nayo kwa amani. Mfanyakazi mpya akifika, kabla hajaonyeshwa choo kilipo, aliambiwa: "Ukiitazama hiyo, toa ishirini." Tulifunga kazi saa kumi na moja ya ukutani, yaani saa kumi na dakika arobaini ya barabarani, na Tajiri mwenye karakana hakulalamika, maana asubuhi tulianza mapema kwa kiasi hichohicho. Kisha wewe ukaona ni aibu watu wazima tisa kudanganywa na saa huku wakijua wanadanganywa. Ukaitisha kura. Tajiri akasema tuamue wenyewe, tusimsumbue.

Kila mmoja wetu alipewa vifungo viwili vya makoti, vile vya matundu manne: cheupe kwa wanaotaka saa irekebishwe, cha buluu kwa wanaotaka iachwe. Unatumbukiza kimoja katika kopo la uzi huku umefumba ngumi, kingine unakirudisha kwenye droo ya vifungo bila kumwonyesha mtu. Matokeo yakawa nyeupe tano, buluu nne. Hapohapo ukapanda juu ya kiti ukairudisha mishale nyuma, na watu wakapiga makofi, wengine wakiwa hawajajua wanapiga kwa lipi.

Wiki tatu zimepita. Malalamiko yangu ni haya.

1. Ahadi za kampeni hazikutimizwa. Upande wa Nyeupe mliandika kwa chaki, tena kwenye karatasi za ramani za kukatia sketi ambazo ni mali ya kazi: "DAKIKA ZETU ZIRUDI." Mkaahidi kila mfanyakazi angepata dakika ishirini za usingizi asubuhi. Mimi sijaziona. Huamshwa na kishindo cha mlango wa jirani yangu, na jirani yangu hakupiga kura.

2. Saa imerekebishwa ukutani tu, vichwani bado. Yule mfungashaji wetu tunayemwita Umeme, kwa sababu ya mwendo wake, bado anaitazama saa na kutoa ishirini. Anafika amechelewa, anaambiwa amechelewa, anaitazama tena, anatoa ishirini tena, anakataa. Mzee wa stoo naye amegoma. Amesogeza mbele saa yake ya mkononi, na sasa stoo ina saa yake peke yake kama nchi ya kigeni. Ukienda kuomba uzi unakuta ameshakwenda kula. Ukirudi baada ya kula wewe, yeye ameshaanza kukunja vitambaa ili afunge siku. Washonaji wawili wa mstari wa mbele wanafuata saa mpya, wawili wa nyuma wanafuata ya zamani. Juzi sketi moja ilimalizwa pindo mbele saa nne kamili, ikapokelewa nyuma saa nne na dakika ishirini, na ilirushwa kwa mkono. Nilikuwepo.

3. Mtaalamu alidharauliwa. Tulimwita fundi saa wa ng'ambo ya barabara, akasema saa yetu ni nzima na haijamkosea mtu. Mkamwambia hana sauti hapa kwa kuwa si mfanyakazi. Nakiri kwamba dukani kwake kuna saa kumi na nne na kila moja inasema lake, lakini hilo linaonyesha uzoefu.

4. Kura ilipigwa wakati mbaya. Ulijua nilikuwa na sketi arobaini za marinda, mvuke umetanda, miwani yangu imekuwa kama dirisha la bafuni. Nilikuwa nimeviweka vifungo vyangu viwili pembeni mwa meza. Nilipoitwa nikapapasa nikakuta kimoja tu. Nikajua kile cheupe kimeanguka chenyewe kwa aibu. Nikachukua kilichobaki, nikakitumbukiza koponi kwa moyo mmoja na dhamiri safi. Wangapi wanaweza kusema hivyo?

5. Hapa naomba ukae chini. Kura moja imeibwa. Nimefanya uchunguzi wangu wakati wa chakula, mtu mmojammoja, kwa upole. Umeme ameapa kwamba alitumbukiza cha buluu. Mzee wa stoo ameapa. Wale wawili wa nyuma wameapa, mmoja kwa afya ya cherehani yake. Ukiniongeza mimi, tunakuwa watano. Kopo lilitoa buluu nne. Wale wawili wa mbele wanajivunia nyeupe zao, wewe umekataa kusema kwa sababu ya kiti chako, na Bi Vifungo, fundi wetu wa kushonea vifungo, alicheka akaniuliza kama nimekula. Hata ukiwahesabu nyote wanne kuwa Nyeupe, nyeupe ya tano ilitoka wapi? Shemeji, mimi sisomi magazeti ya siasa, lakini hapa kuna mkono wa mtu.

6. Sababu hii nilitaka kuiacha, lakini dada yangu, yaani mkeo, alinifundisha kwamba anayelalamika nusu hasaidiwi hata robo. Saa ilipokuwa mbele, watu wote waliondoka saa kumi na dakika arobaini ya barabarani. Mimi nilibaki, kwa sababu pasi haiachwi ikiwa ya moto, na pasi yetu hupoa kwa dakika ishirini. Bi Vifungo naye alibaki, kwa sababu dada yake, ambaye huondoka naye, hufunga duka la jirani saa kumi na moja kamili. Basi alikuwa anakaa kwenye benchi karibu na meza yangu. Mimi nasimama, yeye amekaa, pasi inapoa. Mwaka mzima. Sasa tunafunga saa kumi na moja ya kweli, dada yake yuko mlangoni tayari, na Bi Vifungo anaondoka hata kabla sijachomoa waya. Pasi inapoa, mimi naitazama. Sitaki kukuficha, inaniuma. Sikujua dakika ishirini zinaweza kuwa kubwa hivyo mpaka mlipozirekebisha.

Naomba jambo hilo la sita lisisomwe mbele ya kikao.

7. Umenijibu mara mbili kwamba watu wameshasema na likishasemwa limesemwa. Ndugu Mwenyekiti, ulipoleta posa ya dada yangu, kikao cha kwanza cha familia yetu kilisema hapana. Mimi nilikuwepo, na nilikuwa miongoni mwa hapana. Je, ulisema watu wameshasema? Ulirudi baada ya mwezi na suti ya kuazima iliyokubana mabegani, ukaomba tuulizwe tena, na mimi kwa huruma ya ile suti nikabadili msimamo. Kama kura ya kwanza ingekuwa ya mwisho, leo usingekuwa shemeji yangu, na mimi ningekuwa naiandika barua hii kwa mwenyekiti mwingine, pengine mwenye masikio.

Kwa hiyo basi, naomba Kamati yako ikubali yafuatayo. Kura irudiwe Jumatatu, na mimi nisipewe sketi za marinda siku hiyo. Buluu ikishinda, hiyo iwe sauti halali ya wafanyakazi na jambo hili lisiguswe tena hata na wajukuu zetu. Nyeupe ikishinda, itakuwa dhahiri kwamba watu hawakulielewa swali, na wapewe nafasi ya tatu. Ya tatu ikishindikana, tupige kura kuamua kama tunaamini kura. Napendekeza pia kura yangu ihesabiwe mara mbili kwa sababu nafanya kazi nimesimama, na kwamba kila aliyechagua Nyeupe afanyiwe mtihani mdogo wa kuonyesha dakika ishirini kwa mkono bila kutazama saa.

Kamati ikikataa, nitalazimika kuchukua hatua. Kuanzia Jumatano marinda yote nitayapiga pasi yakitazama kushoto. Wanafunzi wa shule tatu watatembea kama wanavutwa upande mmoja, na wazazi watakapouliza nitawaelekeza kwako.

Naamini nimeeleweka na sijamkosea mtu. Kama nimekukosea wewe, nitakuomba radhi siku ya mapumziko, tukiwa wenye undugu na si wenye vyeo. Msalimie dada yangu na umwambie ile sufuria yake bado ninayo. Wasalimie watoto, hasa yule mkubwa aliyeuliza kwa nini mjomba anazungumza na pasi. Wasalimie mstari wa mbele na mstari wa nyuma, kila mmoja kwa saa yake. Salamu kwa mzee wa stoo zimfikie dakika ishirini mapema.

Wako katika ujenzi wa karakana yenye haki,

Mpiga Pasi Mkuu (na wa pekee)

Tanbihi: Shemeji, kabla sijakuletea barua hii nilimfuata Bi Vifungo nje, nikimtaka awe shahidi wangu kuhusu ile kura iliyoibwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanielekeza kidole tumboni, mbele ya dada yake.

Unalijua shati langu la buluu, lile linalotundikwa msumarini nikiwa kazini kwa sababu ya joto. Kifungo cha chini kabisa, kile kinachoingia ndani ya suruali, kilikuwa kimekatika tangu miezi kadhaa iliyopita. Asubuhi ile ya kura yeye alipita, akaona shati halina kifungo, akaona mezani kwangu kuna kifungo cha buluu kimekaa bure, akakishona. Amesema mtu wa kazi yake hawezi kuviona vitu viwili hivyo mahali pamoja akavipita. Nimelichomoa shati palepale barabarani nikakagua. Vifungo vyote vina matundu mawili. Cha chini kina manne.

Kwa hiyo nilichotumbukiza koponi ni cheupe. Nyeupe ya tano ni mimi.

Nikamuuliza yeye alichagua nini. Akasema alichagua nyeupe, na kwa makusudi. Akasema: "Mwaka mzima dakika ishirini kila siku, na neno pekee ulilowahi kuniambia ni kwamba pasi bado ya moto. Nikaona tukiziondoa pengine utapata miguu. Njia ya nyumbani nayo ina dakika, tena nyingi." Dada yake akasema yeye leo ana haraka, akatangulia.

Kwa mujibu wa kanuni zako, ili kura yangu ibatilishwe inabidi niwasilishe kifungo kama ushahidi, na ili niwasilishe inabidi nikikate. Sikikati. Naomba uichane barua hii, ukiacha sababu ya saba, ambayo nakusihi uisome tena kwa makini, maana Jumamosi nahitaji mtu mwenye uzoefu wa kunipeleka kwa wazazi wa Bi Vifungo, na ambaye hatakata tamaa wakisema hapana mara ya kwanza. Ile suti usiivae. Tukutane kwangu saa kumi kamili, ya ukutani.