Masomo Kupitia Dirisha la Jikoni

Jumapili, 4 Januari
Siku ya tisini bila shule. Niliacha siku niliyoitwa kusoma mbele ya darasa nikatapikia daftari ya mwenzangu Sherihan. Baba alikubali nisomee nyumbani, shuleni niende kufanya mtihani tu. Ila nikifeli, basi: nitakwenda kushona vifungo kiwandani na shangazi Nagat. Shangazi hana kucha mbili.

Sina hofu! Dirisha letu la jikoni linatazama uwazi wa katikati ya jengo, na chini yetu mwalimu, Abla Inshirah, anafundisha watoto wa jirani. Kila neno linapanda. Daftari tatu zimejaa, bila kuonana na mtu.

Jumanne, 6 Januari
Fiqhi tena. Kurasa kumi na moja za udhu! Nadhani wizara imeongeza dini mwaka huu. Nimekariri zote.

Alhamisi, 8 Januari
Abla ana mafua, sauti haifiki. Nikashusha kwa kamba kikapu chetu cha kununulia mkate, simu ya Mama ndani, irekodi. Kikasimama mbele ya pua yake. Akapaza sauti: we binti wa juu, ukitaka somo shuka, hatung'ati! Watoto wakacheka. Mmoja akauliza mkate ni wa leo au wa jana.

Mama akanisukuma mlangoni: ngazi kumi na nane tu, mwanangu. Nilifika ya tisa. Nikarudi.

Jumapili, 11 Januari
Mtihani. Udhu, hakuna. Kemia, tele. Abla hajawahi kuitaja. Niliandika masharti ya udhu yote, wajue sikukaa bure.

Jumamosi, 24 Januari
Nimefeli masomo matano. Mama akashuka kwa Abla. Abla akashika kichwa: hawa ni wa shule za dini za Azhar, mama Rawya, mtaala wao mwingine kabisa! Mbona hakuniuliza?

Baba hakugomba. Afadhali angegomba. Alizifunga daftari kwa kamba ya kikapu, akaziweka juu ya kabati. Shangazi akanishika vidole, akasema vyembamba hivi, utazoea.

Jumatatu, 26 Januari
Kiwandani. Msimamizi alieleza jinsi ya kuisimamisha mashine. Kwa kelele zile sikusikia neno. Akauliza, mmeelewa? Nikaitikia kwa kichwa.

Si kitu. Msichana wa mbele yangu anajua, nitamtazama mikono. Mashine yake si kama yangu, lakini mashine ni mashine.