Kamati ya Mlipuko wa Utulivu

Wananchi wote wa mwalo wa wavuvi walitangaziwa kwa kipaza sauti kwamba Ijumaa, jiwe linalozuia gati jipya, atakalolizindua Mgeni Rasmi Jumatatu, litalipuliwa chini ya maji, kwa amani, na kwamba ni marufuku kushtuka.

Bwana Rugemalira, Mwenyekiti wa Kamati ya Mlipuko wa Utulivu, aliiandaa shughuli kisayansi. Kwa kuwa maji huzima moto, baruti ikiwa ziwani ingefanya kazi nusu tu. Kamati ilipiga makofi.

Mhandisi Mwesiga, aliyeletwa kutoka Bukoba, alikohoa. "Mzee, baruti hii haizimwi na maji. Tena hewa hubonyea, maji hayabonyei. Msukumo unakwenda mzimamzima mpaka mbali. Samaki ana kifuko cha hewa tumboni; hapo ndipo panapopasuka."

"Maji yenyewe yameshirikishwa?"

"Hapana, mzee."

"Basi tusiyasemee."

Evodia alimngojea Mwenyekiti mlangoni. Alikuwa na kizimba kimoja cha sato kinachoelea ziwani, kilichoundwa na marehemu mumewe, Kahigi. Jumamosi ilikuwa misa ya kumbukumbu yake, ukoo mzima ukitoka Kishanda, na kitoweo chote kilikuwa humo.

"Waitu Mwenyekiti, niruhusu nikikokote hadi nyuma ya rasi."

"Mama, kuhamisha samaki ni kueneza hofu. Sato wako ni wananchi kama wengine. Watulie."

"Na wakifa?"

"Hawatakufa. Nimeshaelekeza."

Ijumaa ziwa liliguna mara moja, likainuka kidogo, likakaa. Mwenyekiti alifurahi: kelele ilikuwa ndogo kuliko ya harusi. Kisha, kwenye kizimba cha Evodia, sato wakaanza kugeuka, matumbo meupe juu, kwa utulivu mkubwa kama walivyoagizwa.

Evodia alishika fito alizozifunga Kahigi kwa mkono wake.

Watu walianza kunong'ona, Mwenyekiti akawahi kipaza sauti. "Hakuna samaki aliyekufa! Wamelala chali. Ni mapumziko ya kawaida baada ya shughuli nzito. Kesho wataamka, na mdhamini ni mimi!"

"Asante, waitu," Evodia akajibu. "Ukoo umesikia."

Jumamosi, misa ilipokwisha, ukoo wa Kishanda haukuteremka mwaloni. Ulipanda kwa Mwenyekiti na ndizi zilizokwisha menywa, ukatandika majani, ukaketi kando ya bwawa lake, alimokuwa akinenepesha sato wa Mgeni Rasmi. Na kwao huko, wafiwa wakishaketi uani kwako, huwafukuzi.

"Tumefuata samaki wetu," Evodia alisema. "Ulituambia leo wangeamka."

Kokugonza, shangazi wa marehemu, aliinama bwawani. "Loo! Hawa hapa. Wameamka kweli! Na usingizi umewanenepesha, maskini."

Mwenyekiti alifungua kinywa. Ukoo mzima ulimtazama. Akakifunga, akaenda kuleta wavu.

Walikula mpaka jioni, wakamtaja Kahigi, wakacheka. Mwenyekiti alipewa kichwa.

Jumatatu Mgeni Rasmi alikata utepe, akaketi mezani, akafunua sahani. Ndizi na maharage.

"Na wale samaki niliosifiwa?"

Mwenyekiti alisimama wima, akafunga kifungo cha koti.

"Wamepumzika, mheshimiwa."