Foleni ya Mzee Keen

Jumatatu, 3 Machi
Nimepanda hadi karakana ya Mzee Orville Keen, fundi wa magita. Nimemwambia nataka gita la mkono wake kabla ya shindano la wapiga gita la kiangazi. Hakuinua hata kichwa, akaendelea kukwangua shingo ya gita la mtu mwingine. Akasema foleni yake ni ya miaka. Anaunda peke yake, na gundi haina haraka. Nikamkumbusha kwamba aliimba kwaya na marehemu baba yangu. Akasema ndiyo, anakumbuka, baba hakuwahi kuipata sauti. Nimerudi na hasira. Rufus Blevins anishinde tena mwaka huu? Haiwezekani.

Jumapili, 9 Machi
Nimepata dawa. Baada ya ibada nimemvuta Mzee Keen pembeni, nikamnong'oneza kwamba daktari hanipi zaidi ya majira ya majani kupukutika. Akauliza ugonjwa gani. Hilo sikuwa nimelipanga. Nikasema figo, zote, na kitu kingine nyuma yake. Mzee akavua kofia. Alimzika mkewe juzijuzi, moyo bado laini. Akasema atazungumza na mteja aliye mbele kwenye foleni, huenda akanipisha. Nimekula nyama ya nguruwe kwa furaha.

Jumanne, 11 Machi
Habari imeenea. Kina mama wa kanisa wameleta bakuli za makaroni na maharage. Nimezipokea nikiwa kitandani. Hazina chumvi, kwa ajili ya figo zangu.

Alasiri amekuja shemeji Doyle, mume wa dada yangu Lorene. Amechimba makaa tangu ujana na vumbi limemjaa mapafuni. Ngazi za kibaraza changu alizipanda kama mlima. Akakaa, akangoja pumzi imrudie. Kumbe mteja wa mbele ndiye yeye. Gita aliliagiza kwa ajili ya binti yake Tessa, ili amfundishe mwenyewe nyimbo za ukoo wao.

"Chukua wewe, shemeji," akaniambia. "Mimi nitangoja. Ila ukiondoka, gita liende kwa Tessa."

Nikaapa. Ningefanyaje, na blanketi lilikuwa limenifika kidevuni? Nilifikiria kumwambia ukweli. Lakini nilimsikia akikohoa hadi kwenye gari, nikaona si vizuri kumchosha zaidi.

Jumamosi, 12 Aprili
Kwa Mzee Keen. Mbao pia ni za Doyle: mti wa mjozi ulioangushwa na upepo nyuma ya nyumba ya mama yake, akazikausha ghalani kwake miaka mingi. Keen akaugonga ubao kwa kidole karibu na sikio langu. Ukalia kama kengele ya mbali. Nikamwomba aliandike jina langu shingoni kwa vipande vya ganda la chaza linalong'aa.

Akanitazama. "Kwenye gita la Tessa?"

Nikakohoa. Akaniletea kiti.

Ijumaa, 20 Juni
Doyle hawezi tena kulala chali, anasinzia ameketi. Tessa anajifunzia gita la kuazima lenye shingo iliyopinda, baba yake akimwonyesha vidole hewani, maana kulishika hawezi. Nimekwenda kuwatazama. Doyle akaniuliza najisikiaje. Nikasema siku hazifanani. Akanishika mkono, akasema nisiogope, kwamba hata yeye aliogopa mwanzoni tu. Nimetoka haraka. Gita langu limepakwa vanishi. Linapendeza kupita kiasi.

Jumamosi, 16 Agosti
Gita nililichukua Jumatatu. Doyle alifariki Jumatano. Wameahirisha shindano kwa heshima yake. Hakuna aliyeniuliza mimi.

Leo maziko. Mzee Keen alitaka nipige wimbo kaburini. Vidole viliteleza, nikaruka ubeti mzima. Watu walilia hata hivyo. Rufus Blevins alinikumbatia, akasema mwaka huu yeye na wenzake hawashindani, taji ni langu. Mtu hakatai jambo kama hilo mbele ya jeneza. Tessa hakulia. Alikuwa anakitazama kiganja changu cha kushoto kila kilipokosea. Baadaye akaniuliza, "Mjomba, kweli unaumwa?" Lorene akamnyamazisha, akaniomba radhi kwa niaba yake.

Jumatatu, 25 Agosti
Taji ninalo. Ila watu wameanza kunitazama kama mgeni aliyeaga na bado yumo sebuleni.

Asubuhi Lorene na Tessa waliniletea mtungi wa oksijeni wa Doyle. "Utauhitaji, kaka," Lorene akasema. Amekonda. Tessa alilishusha gita ukutani bila kuomba ruhusa, akapiga wimbo wa baba yake, wote, bila kukosea. Mama yake akainamisha uso mezani. Kisha binti akalirudisha ukutani, wakaondoka.

Nimeifikiria sana ile ahadi. Ahadi ni ahadi. Nikiondoka, gita ni lake, tarehe hatukutaja.

Nasikia wilaya ya pili kuna mama mmoja anayeunda mandolini za ajabu, vile vigita vya nyuzi nane. Foleni yake inashinda hata ya Keen. Nimeshapakia mtungi garini. Mpira wa puani nimeujaribu mbele ya kioo, umenikaa vizuri. Kesho asubuhi naenda kumwona.

Safari hii nitasema mapafu.