Kabati la Mama Liko Mnadani

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nimeliona! Kabati la Mama! Nilikuwa kibandani, viatu ninavyouza havitoki, baridi ya Agosti imefukuza wateja wote Nyeri mjini. Nikafungua simu nipitishe wakati. Ukurasa wa mnada wa Theuri, yule muuzaji wa vitu vya zamani kule Karatina. Picha ya tatu. Milango miwili ya vioo, ufa ule ndugu yangu Muriithi aliufanya kwa mpira, na ubavuni alama za penseli: urefu wetu mwaka kwa mwaka, mwandiko wa Mama. Nilisimama. Nikakaa tena.

Ukweli niuandike hapa kwa sababu hakuna atakayesoma. Kabati nililiuza mimi. Mwaka wa 2014, Mama akiwa amelazwa hospitali, nililitoa ili ninunue kware. Kila mtu alikuwa akifuga kware. Ati yai moja linatibu magonjwa yote! Kufika Desemba hakuna aliyetaka yai la kware hata la bure. Mama alirudi nyumbani, akaangalia ukuta mtupu, akapanga sahani zake kwenye karai. Hakusema neno. Miaka kumi na moja, hakuna neno.

Jumamosi anatimiza themanini, na kuna ibada ya shukrani kwake Gakindu. Lazima alikute kabati limesimama pale pale. Mnada unafungwa Ijumaa saa kumi na mbili jioni. Nimeweka elfu tano. Niko peke yangu. Rahisi kabisa!

Jumanne, 5 Agosti

Si rahisi. Wameingia wawili. Mmoja ni Daktari Kingori: pichani suti, tai nyekundu, tabasamu. Mwingine anajiita Beth Beth.

Beth Beth! Hana picha. Akaunti ina siku nne. Hana rafiki hata mmoja. Beth wako wengi hapa, nusu ya kwaya ni akina Beth, Mama mwenyewe ni Beth, lakini nani ni Beth mara mbili? Nilicheka mpaka jirani akauliza kama nimeuza.

Mimi wanunuzi feki nawajua tangu utotoni. Baba, Mungu amlaze pema, ndiye aliyekuwa akinadi siku ya mavuno kanisani. Watu wakinyamaza alinyoosha kidole kwenye nguzo ya mwisho, akapaaza sauti kwamba kuna mia mbili kutoka kule nyuma. Hapakuwa na mtu kule nyuma. Ile nguzo ilipandisha bei ya ndizi miaka kumi na tano! Kabichi moja liliuzwa mara nne, kila mnunuzi akilirudisha mezani kwa furaha, na sisi watoto chini ya meza tukitafuna miwa ya Mungu kabla haijanadiwa. Siku tamu zile. Sauti ya Baba naitamani hata leo.

Jumatano, 6 Agosti

Nimemwambia mke wangu Wangechi. Akavaa miwani, akachukua simu, akakaa nayo nusu saa. Akasema feki hajulikani kwa sura. Niangalie nani ananirukia kila nikipandisha, na kwa kiasi kile kile. Niangalie nani yuko kwa kila kitu cha Theuri na hajawahi kuonekana kwingine. Akanionyesha: wiki jana Daktari Kingori alishinda saa ya ukutani, na leo saa hiyo hiyo iko mnadani tena. Akasema nipande gari niende Karatina nilione kabati kwa macho, niweke mwisho wangu, na nikifika hapo niache.

Nikamwambia daktari ni mtu wa shughuli nyingi, labda saa haikumfaa. Tena kila akipandisha anaandika Mungu awabariki. Feki gani anabariki watu?

Na Beth Beth leo kajimaliza mwenyewe. Aliweka elfu nane. Hakuna aliyemjibu. Dakika kumi baadaye akaweka elfu nane na mia mbili. Anajipandisha mwenyewe! Hata Wangechi alibaki mdomo wazi.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimepiga hatua. Nimemwandikia Theuri barua ndefu, ya raia mwema. Nikamweleza ushahidi wote dhidi ya Beth Beth. Nikamwambia kabati hili ni roho yangu, nitalifuata hadi mwisho. Alijibu upesi. Akanishukuru, akaniita ndugu, akamfungia Beth Beth papo hapo.

Wangechi akasoma barua akashika kichwa. Akasema muuzaji haambiwi kwamba kitu ni roho yako. Wivu wake tu.

Jioni nilimpigia Mama kuhusu viti vya Jumamosi. Alikuwa mnyonge sana. Akasema kuna jambo alikuwa akilipanga, limeharibika. Nikamwambia asijali, kuna jambo langu linakuja.

Ijumaa, 8 Agosti

Mwisho wangu ulikuwa elfu kumi na tano. Nilifika hapo saa kumi na moja na nusu.

Daktari alinijibu kwa mia tano. Nikapanda. Mia tano. Nikapanda. Mia tano, Mungu awabariki. Nilikuwa nikiona zile alama za penseli tu. Elfu ishirini na nane! Saa kumi na mbili kamili! Daktari ameandika hongera ndugu. Nimemshinda daktari mzima! Nimelipa palepale.

Wangechi ameuliza pesa za hema la ibada ya kesho ziko wapi. Nimemwambia Gakindu hakunyeshi Agosti.

Jumamosi, 9 Agosti

Karatina, saa mbili asubuhi, na pikapu ya kukodi. Kwenye benchi nje ya duka la Theuri, mkoba magotini, kitambaa cha kanisa kichwani, alikuwa ameketi Mama.

Amekuja kuuliza kwa nini alifungiwa. Msichana wa duka la simu Gakindu alimwonyesha picha za mnada, akamfungulia akaunti, ikataka majina mawili, akaandika Beth, ikataka lingine, akaandika Beth tena. Ameuza kondoo kwa ajili ya kabati! Nikamuuliza kwa nini alikuwa akijipandisha mwenyewe. Akashangaa. Ati kwani mnada si ni kama ule wa mavuno? Watu wakinyamaza unaongeza yako, usimwache mwenye kunadi aaibike.

Ndani, ukutani, kuna picha ya harusi ya Theuri. Kijana, suti, tai nyekundu. Picha ile ile ya Daktari Kingori! Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika. Akasema mnada ni mnada, na pesa ikishaingia hairudi. Tukapakia kabati.

Njiani nilikiri yote. Kware, barua, hema. Mama akasema sahani zilikuwa sawa tu kwenye karai. Alichotaka ni mimi nianze tena kuingia nyumbani. Ati miaka kumi na moja kila nikija nakunywa chai nje kwa kiti cha plastiki, nikisema ndani kuna joto. Joto! Gakindu! Akafikiri ukuta ukijaa nitaingia. Nililia, basi. Dereva akaongeza redio.

Manyunyu yalianza saa sita. Hema hakuna. Watu sitini wakajibana sebuleni, jikoni na barazani, mchungaji akahubiri akiwa ameegemea kabati. Nyumba ilijaa vile ilivyokuwa ikijaa Baba akiwa hai. Nilikaa ndani, kwenye kochi, mwanzo hadi mwisho. Sijafurahi hivyo tangu nikiwa mtoto.

Jumapili, 10 Agosti

Nimelala Gakindu. Chai nimenywa ndani. Mama amepanga sahani zote, zile za maua juu kabisa.

Nimejifunza, na niandike wazi. Mtu haitwi feki kwa kukosa picha. Uchunguze kwanza. Akaunti mpya inaweza kuwa mzazi wa mtu.

Saa tisa. Kuna mnada mwingine, wa mtu wa Timau. Pasi ya makaa, yenye jogoo mbele, kama ile Mama alitupigia nayo sare za shule kila Jumapili jioni. Harufu ile ya makaa na nguo ya moto! Nitamshtukiza nayo. Nimeweka mia nane. Papo hapo kaingia mtu anayejiita Neema Tele. Hana picha. Akaunti ya leo asubuhi! Anapanda hamsini, anangoja, anapanda hamsini nyingine juu ya yake. Huyu sasa ni feki wa kweli, hata hakuna haja ya kuchunguza. Nimemripoti. Wamemtoa kwa dakika tatu. Safi!

Mama ananiita kutoka jikoni. Ati niende nimwangalizie simu, imemfungia tena.