Nani Anakunywa Petroli Yangu?

Jumatatu, 5 Julai 1976, Kibondo
Tangi tupu! Jana nililijaza kwa mkono wangu, na petroli siku hizi huipati mpaka umbembeleze mtu. Leo asubuhi napiga teke, pikipiki inakohoa mara moja, basi, kimya. Mwizi namjua: Mwalimu Bazilio, jirani yangu. Ana baiskeli na ana wivu. Sote wawili tunamtaka Theodosia, muuguzi wa zahanati. Jumapili nakwenda Kasulu kwa baba yake kuposa, na nikitua pale na pikipiki ya Kitaliano, hata kama ni kuukuu aliyoiacha padre, Bazilio kwisha habari yake. Ndiyo maana ananinyonyea tangi.

Jumanne, 6 Julai
Jana nilijaza tena, nikafunga kifuniko cha tangi kwa mnyororo na kufuli. Asubuhi kufuli zima, tangi tupu. Huyu mwalimu hatari! Nimemwuliza uso kwa uso kama hasikii ladha ya petroli mdomoni. Kanijibu kwa upole kwamba majani chini ya pikipiki yangu yamekauka yote, na harufu inamfikia mpaka darasani. Nimekwenda kuchungulia. Kweli yamekauka. Kumbe inavuja! Msamaha simwombi. Angeweza kuiba.

Jumatano, 7 Julai
Inavuja wapi sasa? Nimepaka tangi zima unga wa muhogo. Unga ukilowa, hapo ndipo penyewe. Akili hizo! Nikaingia ndani kunywa chai. Natoka, kuku wa Mama Stumai, mwenye nyumba wangu, wako juu ya kiti wanadonoa ushahidi wote. Mama Stumai akaja juu, maana unga nao ni wake. Kasema kuku wakifa nitawala mimi na manyoya yao. Hawajafa. Wanatembea upande upande tu.

Alhamisi, 8 Julai
Nimerudia kwa majivu. Nimepapata! Ni koki, chini ya tangi. Fundi Havyarimana, yule mkimbizi wa Burundi, kaitazama, kacheka mpaka kakaa chini, yebaba wee, yebaba wee. Kasema mpira wa koki umeoza, mwingine utoke Kigoma, wiki mbili. Wiki mbili! Theodosia si atakuwa mke wa mwalimu? Kanishauri nipande basi, tena nitangulize mshenga kama watu wote. Mshenga ni wa watu wasio na pikipiki.

Ijumaa, 9 Julai
Dawa nimeipata mwenyewe. Kibondo tumejaliwa nini? Asali. Palipo na asali pana nta, na nta haipitishi maji. Nimeyeyusha kipande kizima, nikaiziba koki nje na ndani. Kavu kabisa! Nyuki walikuja kukagua, mmoja kaniuma sikio. Si neno. Kazini kwangu, mimi karani wa tumbaku, nimechagua tumbaku nzuri kuliko zote iwe zawadi ya Mzee Ntirampeba. Theodosia kasema huyo baba yake bila kiko hazungumzi na mtu.

Jumamosi, 10 Julai, njiani
Nimevaa bugaluu jeupe, jipya. Mpaka mlima wa kwanza, raha mustarehe. Kisha kikohozi. Nafungua kabureta, nta tupu! Petroli imeyeyusha nta, nta imeingia kwenye injini. Nimekwangua kwa kijiti, ikawaka, ikazima, nikakwangua tena. Koki nayo inamwaga upya. Mguu mmoja wa bugaluu umelowa petroli mpaka gotini. Watu wema wamenipa pa kulala, ila mbali na jiko.

Jumapili, 11 Julai, Kasulu
Nimefika nikisukuma. Mzee kanipokea vizuri, kanisalimu mwakeye, karibu mwanangu, kanikalisha ubavuni pake. Nikatoa tumbaku. Akainusa, macho yakamlegea. Nikajua nimeshaoa! Akashindilia kiko, akachukua kaa la moto kwa koleo. Mimi huyo, migombani! Nikamwomba kwa sauti ya kulia asiwashe. Akauliza kwa nini. Nikamweleza habari za mguu uliolowa petroli. Akanitazama, akatazama kiko, akanitazama tena. Kasema tangu azaliwe hajaona mkwe aletaye tumbaku kisha akakataza isivutwe. Akaniomba niondoke ili avute. Nikavuka barabara, nikauona moshi unapanda. Alivuta kwa raha sana. Nililia, sifichi.

Jumatano, 14 Julai, Kibondo
Nimerudi juu ya lori, mimi na pikipiki. Theodosia kaja mwenyewe. Nikajua kaja kuniaga. La! Mshenga wa Bazilio amekataliwa na yeye mwenyewe Theodosia. Ananitaka mimi, kasema hajui kwa nini. Mzee naye anaisifu ile tumbaku kwa kila mtu. Sharti ni moja: niachane na pikipiki kabisa, nitume mshenga kwa basi. Nichague, yeye au pikipiki. Nimemchagua yeye papo hapo! Nimeapa! Nina furaha, kula siwezi.

Ila habari nzito namna hii humtumi mtu. Jumapili nakwenda Kasulu mwenyewe, kumwambia mzee kwamba pikipiki na mimi basi tena. Koki nimeiziba kwa lami, haitatoa hata tone. Nitaiendesha mpaka uani kwake, aione kwa macho yake, ndipo aamini kwamba nimeiacha.