Nani Ameuliza "Bado Upo?"

Leo nimeumbuka. Nimeumbuka mchana kweupe, miguu mitupu, mbele ya mama mkwe mtarajiwa na nusu ya mtaa.

Wanaonifahamu wanajua nimekuwa nikitengeneza tovuti ya kufundisha watu makosa ya hoja. Yale tunayofanya kila siku: bundi kalia, mtu kafariki, basi muuaji ni bundi. Tovuti inaitwa Unajuaje. Inakusikiliza kupitia simu yako, na ukiteleza inakujibu. Ukisema "lazima", inakuuliza, "Unajuaje?" Ukisema "kila mtu", inakuuliza, "Kila mtu nani?" Sauti ni ya rafiki yangu Katana wa Chaani. Aliifanya nzito na ya polepole ili watu waiheshimu, na nikamruhusu aongeze maneno yake mwenyewe. Alinitumia leo asubuhi. Nikaiweka bila kuisikiliza (nilikuwa napiga deki).

Deki ilikuwa ya Bi Zuhura, mamake Mwanaisha. Nyumba yangu hapa Frere Town inasemwa ina wenyewe. Wapangaji waliotangulia walihama, na mimi siku zote najibu kwamba kuhama si ushahidi. Lakini Bi Zuhura ametoa sharti: binti yake hatalala kwenye nyumba ya majini. Atakuja aitazame mwenyewe. Akiridhika, posa inapokewa. Asiporidhika, basi tena. Na mimi nampenda Mwanaisha jamani, hapo sitanii.

Alifika kutoka Mtopanga adhuhuri, jua la utosi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nyumba yako baridi."

"Ni feni, mama."

Hapo hapo stima ikapotea. Feni ikazunguka kivivu, ikasimama. Kikaja kimya ambacho sijawahi kukisikia mtaa huu. Hata kunguru wa bati la jirani walinyamaza. Ajabu ni kwamba baridi haikuondoka. Nikaona pazia la chumbani linavutwa ndani taratibu, likarudi. Upepo haukuwepo.

Na sauti ikatoka chumbani. Nzito. Bila haraka.

"Bado upo?"

Bi Zuhura akaweka chini kikombe cha maji niliyompa. "Salim, chumbani mna nani?"

"Hamna mtu, mama. Ni redio ya jirani."

"Stima si imepotea?"

"Basi lazima ni..."

"Unajuaje?" ikauliza sauti.

(Ndiyo, najua. Neno langu, tovuti yangu. Simu niliiacha kitandani ukurasa ukiwa wazi, imeunganishwa na spika ya betri iliyo juu ya kabati. Lakini miguu haikungoja maelezo.)

Nilitoka mbio! Nilimruka Bi Zuhura. Nilisikia mpini wa deki ukianguka nyuma yangu nikaamini nimekamatwa, nikaongeza mwendo hadi kwa Mama Kadzo, jirani anayekaanga viazi karai ng'ambo ya njia.

"Ati kuna nini, Salim?"

"Jini! Wallahi ni jini! Kila mtu anajua ile nyumba ina wenyewe!"

Ilikuwa sauti ya kuamsha mtaa, na mtaa ukaamka. Watu wakajaa. Dirisha langu la chumbani liko pale pale, limetukodolea macho.

"Kila mtu nani?" likauliza dirisha.

Mtaa mzima ukarudi nyuma. Mama Kadzo akashika mkono wangu kwa vidole vyenye unga wa viazi. Mlangoni kwangu akatokea Bi Zuhura, anatembea polepole, midomo inasoma dua. Nilikuwa nimemwacha ndani. Aibu iliyonishika nikimwona siwezi kuieleza.

Ndipo jini likamalizia, kwa ile sauti ya kaburini: "Umefanya kosa la kufuata umati. Bonyeza kitufe cha kijani uendelee na somo. Hii ni Unajuaje, tovuti ya Salim wa Frere Town."



"Salim wa Frere Town," Mama Kadzo akasema, "si ndiwe wewe?"

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini mchangani. Mimi natamani ardhi inimeze na miguu yangu mitupu. Lakini Bi Zuhura naye alikuwa anacheka, amejifunika mdomo kwa mtandio.

"Umenikimbia, Salim. Hilo tutalizungumza," akasema. "Lakini jini lenye kitufe nalimudu. Alhamdulillahi."

Moyo ukanirudi. Nikaona harusi. Nikakimbia ndani nikachukua simu, nikampigia Katana kwa sauti ya juu ili wote wasikie, mambo yaishe kabisa.

"Katana, mweleze mama. Zile sauti ni zako?"

"Ni zangu, mama, niwie radhi. Hiyo 'Unajuaje', 'Kila mtu nani', na ile ya kitufe."

"Na 'Bado upo'?" Bi Zuhura akauliza.



"'Bado upo' gani? Hiyo sikurekodi, mama."

Vicheko vikakatika. Watu wote wakageuka kulitazama dirisha langu, na mimi pia.

"Lazima amesahau, mama," nikasema.

Bi Zuhura akalikusanya buibui lake.

"Wajuaje?" akasema. Akashika njia ya kwao.

Stima imerudi sasa. Naiona feni yangu ikizunguka kupitia mlango, maana hakuna aliyekubali kwenda kuufunga. Niko barazani kwa Mama Kadzo. Nawaomba msicheke. Na kama kuna mmoja wenu haamini kabisa habari za majini, aje aingie anitolee viatu. Viko chumbani, chini ya kitanda.